Majina ya mamwinyi wa Denmark: sikieni kabla hamjachora

Jana tena dogo mmoja kaniletea nasaba ya Rosenkrantz, ukoo wa makabaila wa Denmark, inayoanzia miaka ya 1300, kila babu kagongwa jina la ukoo kama muhuri wa posta. Nikacheka, nikakasirika, halafu nikakumbuka ya kwangu. Haya, wadogo zangu, kaeni.

1. Kabla ya 1526 tafuteni ngao, yaani nembo ya ukoo, si jina. Mwaka huo Mfalme Frederik I aliwaamuru makabaila washike jina moja la kudumu. Kabla ya hapo wengi walikuwa fulani mwana wa fulani, na ukoo ulijulikana kwa picha ya ngao iliyo kwenye lakiri, mhuri wa nta. Wengine jina waliliokota papo hapo kwenye ngao: wenye nyota wakawa Gyldenstierne, "nyota ya dhahabu", wenye zimwi lisilo na kichwa wakawa Trolle, na wala hawakuona haya.

2. Akina Juel ni koo mbili tofauti: wako wenye nyota kwenye ngao na wako wenye yungiyungi. Angalia lakiri. Basi.

3. Gyldenløve. Hapa mnivumilie. Nilikuta Ulrik Christian aliyekufa 1658, kisha Ulrik Frederik, kisha Ulrik Christian mwingine aliyekufa 1719. Nikajiambia: babu, baba, na mjukuu aliyerithi jina la babu yake, kama kwetu. Nikachora mti wao usiku kucha, tena kwa wino, na pembeni nikapaka visimba vya dhahabu, maana jina lenyewe ni "simba wa dhahabu". Asubuhi nikaubandika ukutani kwa mikono yangu. Mama aliyekuwa akinisimamia akaja na kikombe chake cha chai, akaweka kidole kwenye mwaka aliozaliwa "babu", 1630, akakishusha kwa "baba", 1638. "Huyu alizaa akiwa na miaka minane?" Hakupandisha hata sauti. Afadhali angenifokea.

Gyldenløve si ukoo, jamani! Ni jina walilopewa wana wa nje wa wafalme. Wa kwanza baba yake ni Christian IV, wa pili Frederik III, wa tatu Christian V. Kumbe "babu" wangu alikuwa baba mdogo wa "baba", na "baba" ni baba mkubwa wa "mjukuu". Uzao wao utafuteni chini ya jina la Danneskiold.

4. Jina likinguruma sana, ulizeni la zamani. Waziri Griffenfeld, aliyepata jina hilo 1671, alizaliwa Schumacher, yaani mshona viatu. Mwanamaji Tordenskiold, "ngao ya radi", hadi 1716 alikuwa Wessel tu.

5. Na yule bibi ambaye Wanairobi mnamjua kwa mashamba ya Karen, mwandishi Karen Blixen: alizaliwa Dinesen, yaani "mwana wa Dines", jina la watu wa kawaida. Ubaroni aliupatia Mombasa mwaka 1914, alipoolewa na Blixen, baroni wa Kiswidi. Msinitilie huyu kwenye faili la makabaila wa Denmark. Nimeshamtoa mara tatu.

Haya dogo, lete mti wako tuutazame. Na penseli.