Wapimaji walikuja Alhamisi

Nilikaa miaka tisa kwenye idara ya utumishi ya kiwanda kimoja cha nyuzi za mkonge mkoani Tanga. Siku hizi nazisaidia kampuni ndogondogo kupanga huduma za afya kwa wafanyakazi wao, na karibu kila kikao cha kwanza swali ni lilelile: tuanze na bonanza, au tuwalipie watu gym? Huwa nawaomba wanipe dakika kumi niwasimulie kisa cha Alhamisi.

Mwaka wangu wa kwanza nilikabidhiwa fungu la afya ya wafanyakazi, nami nikalitumia kama nilivyoona wenzangu wakifanya. Jumamosi nzima: fulana, mpira, kuvuta kamba, zumba, soda, na pembeni turubai lenye meza ya kupima presha na sukari. Picha zilipendeza mno. Mkurugenzi alizirusha kwenye makundi yake yote ya WhatsApp.

Jumatatu yake niliingia chumba cha brashi kutafuta mtu asiyesaini fomu ya likizo. Kwa asiyekijua chumba hicho: singa, yaani nyuzi za mkonge, zilizokwisha kukaushwa hupitishwa kwenye mashine inayozisugua ili zilainike na kung'aa, ndipo zifungwe robota. Kinachosuguliwa lazima kiende mahali, nacho huenda hewani. Mtu hutoka kwenye zamu nyusi zimekuwa nyeupe kama zilizozeeka siku hiyohiyo. Nilimkuta mzee mmoja, wote tulimwita Babu, ameegemea ukuta wa nje, mkono mmoja kifuani, anavuta pumzi kwa vipande.

"Shikamoo Babu. Vipi, unaumwa?"

"Marahaba mwanangu. Siumwi. Ni Jumatatu tu hii. Keshokutwa kitaniacha."

Nilicheka kidogo, nadhani, nikaenda zangu. Msimamizi wa zamu alinieleza baadaye kuwa watu wa brashi wana tabia hiyo, Jumapili wanakesha kwenye mnazi, Jumatatu wanakuja wamechoka. Nikaandika kwenye daftari langu: semina ya ulevi. Babu alikuwa mwadhini wa msikiti wa mtaani kwao. Sidhani kama maishani mwake aliwahi kuonja hata togwa iliyochachuka. Lakini nilikuwa nimeshaandika, na semina ilifanyika.

Miezi michache baadaye ukafika upimaji wa mwaka. Hapa Tanzania si hisani ya mwajiri. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inataka mfanyakazi apimwe kabla hajapangiwa kazi na aendelee kupimwa akiwa kazini, kwa gharama ya mwajiri. Tulipata kampuni ya kutupimia kwa bei nzuri, nami niliichagua kwa sababu ya bei hiyo, nisidanganye. Walikuja Alhamisi saa nne asubuhi, na kufikia saa kumi jioni walikuwa wamemaliza kiwanda kizima. Watu wa brashi walikuwa 31. Wote 31 walipulizishwa spirometa, kile kifaa cha kupima nguvu ya mapafu, na wote 31 wakaandikiwa "anafaa".

Nikafunga faili. Lingebaki limefungwa mpaka leo kama nisingekaa meza moja na daktari wa afya kazini kwenye semina fulani mjini. Nilimwambia, kwa majivuno kabisa, kuwa sisi chumba chetu cha brashi ni salama, isipokuwa ulevi wa Jumatatu. Aliacha kula.

"Mliwapima siku gani?"

Aliyonieleza pale nimeyatumia miaka yote tangu siku hiyo. Vumbi la pamba, katani na nyuzi nyingine za mimea hubeba mabaki ya bakteria yanayochokoza njia za hewa. Mwili unaokutana nalo kila siku hulizoea kwa muda, ukipumzika mwisho wa wiki mazoea yanatoka, na Jumatatu kifua kinabana upya. Jumanne nafuu, Jumatano mtu anacheka na wenzake. Kwa Kiingereza ugonjwa huu unaitwa kwa jina refu, byssinosis, lakini viwandani sehemu nyingi za dunia watu wanaujua kama ugonjwa wa Jumatatu. Miaka ikienda, Jumanne nayo inaingia, kisha wiki nzima, na mapafu yakishafika huko hayarudi. Shirika la Kazi Duniani limeutaja mkonge kwa jina, pamoja na pamba, kwenye orodha yake ya magonjwa yatokanayo na kazi. Kuugundua mapema kuna njia moja isiyo na ujanja: unampima mtu Jumatatu kabla ya zamu, unampima tena zamu ikiisha, unalinganisha hewa anayoweza kuitoa katika sekunde ya kwanza. Ukija Alhamisi saa nne unapima watu waliokwisha kuzoea.

Ndiyo maana siku hizi, kampuni ikiniletea mkataba wa wapimaji, bei naiangalia mwisho. Kwanza nauliza: hawa watu wamewahi kuingia ndani ya karakana, au wanaishia ukumbini? Mpimaji ambaye hajaona kazi inafanywaje atapima presha, uzito na macho kwa kila mtu, mhasibu na mchomeleaji sawasawa, kwa sababu hicho ndicho kifurushi chake. Masikio ni hivyohivyo. Mtu anayeshinda kwenye mashine zenye kelele ya desibeli 85 au zaidi apimwe asubuhi kabla hajaingia, masikio yakiwa yamelala usiku kucha bila kelele. Ukimtoa kwenye mashine saa sita ukamvisha vipokea sauti, utapima uchovu wa sikio na kuuita uziwi, au utaona majibu mabaya useme ni uchovu tu. Na kama huna kipima kelele, simama na mwenzako umbali wa mkono mmoja. Mkilazimika kupaza sauti ndipo msikizane, mna tatizo.

Sasa, siku ile nilirudi kiwandani nikalifungua faili. Ukurasa wa kwanza wa kila fomu una maswali: Unakohoa? Kifua kinabana? Unapumua kwa shida ukipanda ngazi? Nilizipanga fomu zote 31 mezani. Hapana, hapana, hapana, mpaka chini. Babu naye hapana. Hata yule kijana ambaye ukikaa naye kwenye basi la kampuni husikii redio kwa kikohozi chake, hapana.

Nilimwita Babu ofisini, nikafunga mlango, nikamuuliza kwa nini alijibu vile. Alinitazama kama ninavyomtazama mwanangu akiniuliza kwa nini maji yanalowesha.

"Mwanangu, mwaka juzi mwenzetu alisema kweli. Yuko wapi?"

Nilijua alipo. Barua yake niliiona kwenye mafaili ya aliyenitangulia: kusitishwa ajira kwa sababu za kiafya, mwezi uleule wa upimaji. Na mimi mwenyewe sikuwa msafi. Baada ya lile bonanza nilichukua orodha ya presha na sukari nikaituma kwa wakuu wa idara wote, eti wawafuatilie watu wao. Dereva mmoja wa foklifti alikutwa na presha ya juu. Mkuu wake akamhamishia getini "apumzike", na getini hakuna ovataimu. Alikuwa anasomesha watoto watatu. Bonanza lililofuata, muuguzi wangu alishinda chini ya turubai anamenya machungwa. Hakuja mtu.

Hapo ndipo ninaposhikilia mpaka leo, na wateja wengine wananiona mkaidi. Mashine nzuri na siku sahihi hazikusaidii kitu kama mtu anaona majibu yake ni hati ya mashtaka. Atakudanganya, na ana haki ya kukudanganya, kwa sababu ana familia. Kwa hiyo kabla ya shilingi ya kwanza kutoka, andikeni kwenye karatasi nani anapata nini. Mwajiri anahitaji kujua mtu anafaa kwa kazi ile, anafaa kwa masharti, au hafai, na masharti yenyewe: asikae kwenye vumbi, asipande juu, asifanye zamu ya usiku. Basi. Jina la ugonjwa ni la mgonjwa na daktari wake. Nakala ya majibu anapewa mfanyakazi mkononi, kwa lugha anayoielewa. VVU hata isiguswe: Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 haimruhusu mwajiri kumpima mtu kwa lazima, na "wote wamekubali kwa hiari" mbele ya meneja si hiari.

Halafu jambo gumu zaidi, ambalo menejimenti yetu ilinizungusha nalo kwa miezi: anayeonekana na tatizo akihamishwa, mshahara wake ubaki. Niliposikia "hilo haliwezekani" kwa mara ya tatu nilipeleka hesabu ya fulana za bonanza. Fulana peke yake zilitosha kulipa tofauti ya watu wanne kwa mwaka.

Kuhusu fidia nitasema kwa kifupi, kwa sababu kosa lake ni moja na linajirudia. Mtu anaumia kazini au kifua kinakufa taratibu, anapelekwa hospitali, anatibiwa kwa kadi yake ya bima ya afya, mambo yanaishia hapo. Ugonjwa unaotokana na kazi una mfuko wake, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ambao mwajiri wa sekta binafsi anauchangia asilimia 0.5 ya mishahara kutoka mfukoni mwake, si kwenye mshahara wa mtu. Taarifa itolewe ndani ya miezi 12, na mwajiri akishajua ana siku 7 za kuifikisha. Lakini ili daktari aweze kusema kifua hiki kimetokana na kazi, anahitaji kujua kilikuwaje siku mtu anaajiriwa. Kampuni nyingi zinaona kipimo cha kuanza kazi ni cha kumchuja mtu. Hicho ndicho mizani ya miaka ishirini ijayo, kwa faida ya pande zote mbili. Na mtu akiondoka, mpime tena. Ndugu msomaji, kama wewe ndiye mfanyakazi, omba nakala yako kila mwaka uitunze nyumbani, na ukienda hospitali yoyote mwambie daktari unafanya kazi gani, hata asipouliza. Wengi hawaulizi.

Watu wa ofisini mnisamehe, nimewapitisha mbio. Kwenu nitasema tu kwamba kadi za gym hutumiwa na walewale ambao wangejilipia, na kwamba nimeona kampuni ikileta mtaalamu wa msongo wa mawazo Ijumaa saa kumi, halafu bosi akatuma kazi ya Jumatatu saa tatu usiku wa Ijumaa hiyohiyo.

Kwetu chumba cha brashi kilibadilikaje? Fundi alipanda juu ya dari kukagua feni ya kuvuta vumbi. Ilikuwa inazunguka vizuri, inapiga kelele, sote tuliisikia kila siku. Mfuko wake wa kunasa vumbi ulikuwa umejaa pomoni na bomba limezibwa na singa kama mto wa kulalia. Hatujui tangu lini. Likazibuliwa kwa siku moja na nusu. Tukapiga marufuku kufagia kwa fagio kavu na kujipangusa nguo kwa upepo wa kompresa. Barakoa zikaja mwisho, na hapo ndipo mahali pake, kwa sababu ukianza nazo utazikuta zimening'inia shingoni kama mkufu, na kwa joto la Tanga simlaumu mtu.

Upimaji uliofuata uliangukia Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukarudiwa jioni. Fomu zilijazwa na muuguzi kutoka nje, mlango umefungwa, na mimi nikakatazwa kukaribia. Tisa walipatikana na tatizo. Menejimenti ilishtuka, wakaniuliza kama mashine mpya ina kasoro. Babu alikuwa mmoja wa wale tisa. Alihamishiwa stoo ya robota kwa mshahara uleule na madai yake yakapelekwa. Nilipomkabidhi nakala ya majibu aliikunja mara nne, akaitia kwenye kimfuko cha plastiki alimoweka kadi yake ya kura, akaniuliza kama mwakani wapimaji watakuja tena Jumatatu.