Maji ardhini: yanajaa, yanajazwa au yanajalizwa?

SWALI: Ninaandaa ripoti ya visima vya kata yetu huku Dodoma. Nimeandika hivi: "Ukadiriaji wa ujazo wa maji katika mwamba uliopasuka unaonesha kuwa kina cha maji kimeongezeka kwa mita 3, na kwamba maji hujaa kila msimu." Mwenzangu ananiambia "ujazo" si sahihi, niandike "ujazaji". Nani kapatia?

JIBU: Mwenzako kaona ugonjwa, ila dawa yake haitoshi.

"Ujazo" tayari lina kazi yake. Ni nafasi inayochukuliwa na kitu, ile tunayoipima kwa lita au mita za ujazo. Ukiandika "ujazo wa maji", mhandisi ataelewa kuwa umehesabu akiba yote iliyolala chini, kumbe wewe unazungumzia maji mapya yaliyoingia kutokana na mvua. "Ujazaji" linakaribia, kwa kuwa mvua yaweza kujaza. Lakini kujaza hubeba picha ya chombo kinachofika pomoni, na mwamba unaovutwa maji na pampu mwaka mzima haufiki huko. Unarudishiwa sehemu tu ya kilichopungua. Kiswahili kina kitenzi cha kazi hiyohiyo: kujaliza, yaani kuongezea kisichotimia. Hivyo mimi ningeandika "ujalizaji wa maji ardhini". Kwenye mkutano wa kijiji ningesema "maji mapya yanayofika chini" na kila mtu angenielewa.

Wala usibadilishe "ujalizaji" na "upenyaji". Maji mengi yanayopenya udongo hunyonywa na mizizi au hurudi hewani kwa jua kabla hayajafika kwenye maji ya chini.

Kosa kubwa zaidi la sentensi yako hamkuligusa nyote wawili, nalo ni "kina cha maji kimeongezeka". Kina cha nini, na kutoka wapi? Fundi wa visima hupima kutoka mdomo wa kisima kwenda chini hadi anapogusa maji. Kwake yeye, kina kikiongezeka, maji yameshuka! Msomaji mwingine atafikiri maji yamekuwa mengi kisimani. Neno moja, maana mbili zinazopingana, na ripoti yako inaenda kwa watu watakaogawa fedha. Andika "usawa wa maji umepanda" au "umeshuka", ubishi uishe.

Hata hivyo, kupanda kwa mita 3 hakutoshi kueleza maji yameongezeka kiasi gani. Mwamba mgumu kama graniti hauna matundu kama mchanga. Maji hukaa kwenye nyufa na kwenye tabaka la juu lililochakaa. Tuseme nafasi zinazoweza kuachia maji ni asilimia 1 tu ya mwamba. Usawa ukipanda mita 3, maji yaliyoingia ni sawa na milimita 30 za mvua. Katika mchanga wenye asilimia 20, mita 3 hizohizo zingekuwa milimita 600, karibu mvua yote ya mwaka mzima hapo Dodoma. Ndiyo maana "mwamba wenye nyufa" ni bora kuliko "mwamba uliopasuka", unaomfanya mtu afikirie jiwe lililovunjika vipande. Umoja ni ufa. Nimekwishaona "manyufa" kwenye ripoti zaidi ya moja, tafadhali usiniongezee.

Sasa "hujaa kila msimu". Kiambishi hu- ni ahadi ya mazoea, na ahadi hiyo huko kwenu haitimizwi. Bonde la Makutupora, kaskazini mwa jiji la Dodoma, lina kumbukumbu za usawa wa maji tangu miaka ya 1950. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kutokana na kumbukumbu hizo ulionesha kuwa sehemu kubwa ya ujalizaji ilitokea katika misimu michache ya mvua kubwa, ukiwemo ule wa El Niño wa 1997/98. Misimu mingi ya kawaida maji yaliendelea kushuka. Kwa hiyo tumia -li- na utaje mwaka.

La mwisho ni dogo. Ukadiriaji ni kitendo. Kinachoonesha jambo ni makadirio. Na usiyaite makisio ikiwa una kipimo mkononi. Njia ya kloridi (sehemu ya chumvi), kwa mfano, si kubahatisha: mvua huja na chumvi kidogo, maji yakigeuka mvuke chumvi hubaki, na kadiri maji ya kisima yanavyokuwa na kloridi nyingi ndivyo yaliyofika chini yalivyo machache. Mvua ya milimita 600 kwa mwaka yenye miligramu 1 ya kloridi kwa lita, kisima chenye 60, basi ujalizaji ni kama milimita 10 kwa mwaka. Ila choo cha shimo kikiwa jirani, nacho huongeza kloridi, na hesabu yote inaharibika.

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Baada ya mvua za msimu wa (taja mwaka), usawa wa maji visimani ulipanda mita 3. Tukichukua kuwa nafasi zinazoachia maji katika mwamba wenye nyufa ni asilimia 1, makadirio ya ujalizaji ni milimita 30."