Miku wa 35,000 Alivyoniliza

Juzi usiku nilikuwa nakimbizana na sare za kwaya, simu ikalia. Binti mmoja wa Mwanza, msomaji wangu wa siku nyingi, kanitumia picha: mdoli mdogo wa Hatsune Miku, nywele za kijani-buluu mikia miwili, yumo ndani ya boksi lenye dirisha, bei 35,000, usafiri bure. Chini yake kaandika, "Dada shikamoo. Nimtumie hela? Anasema vimebaki viwili tu."

Nikacheka, halafu kicheko kikaniishia mdomoni. Bei ile naijua. Mwaka 2019 nililipa hiyohiyo, kwa Miku huyohuyo, na muuzaji wangu naye alikuwa amebakiza viwili.

Kwa hiyo leo sishoni. Leo nawasimulia, maana najua wengi mnaosoma hapa mnataka kabati la vioo lenye taa ndani kama langu, na sitaki mpite nilikopita.

Mimi ni fundi cherehani, Tabata. Miku sikumpenda kwa nyimbo, nilimpenda kwa nguo. Kwa wageni: huyu siyo mhusika wa katuni kwa asili yake, ni sauti ya programu ya kuimbia iliyotoka tarehe 31 Agosti 2007 kwa Crypton Future Media ya Sapporo, na sura yake ilichorwa na msanii anayejiita KEI. Sasa mtazame kwa jicho la fundi. Blauzi haina mikono. Mikono ipo, lakini inaelea peke yake, inaanzia chini ya bega na kupanuka kuelekea kiganjani kama kengele. Tai. Sketi fupi ya marinda yenye pindo la rangi ya nywele. Soksi ndefu zinapita magoti. Na kwenye bega la kushoto, pale palipoachwa wazi na mkono usioshonwa, pameandikwa 01. Utadhani aliyeichora nguo ile aliacha lile bega wazi kwa makusudi ili namba ionekane. Nikasema huyu lazima awe wangu.

Aliyeniuzia tulikuwa tukishona naye chumba kimoja, simtaji. Alisema ana mtu wake anayeleta mizigo, ni Nendoroid halisi. Nendoroid ni vile vidogo vya Good Smile Company, kama sentimita 10, kichwa kikubwa na mwili mdogo: ukipanga vichwa viwili na nusu umemaliza urefu wote wa mdoli. Vimekuwa vikitolewa tangu 2006, na Miku wa kwanza, namba 033, alitoka 2008 akiwa na kitunguu cha majani mkononi, utani wa mashabiki wake.

Nikalipa. Mzigo ukaja baada ya wiki tatu. Nilipofungua boksi harufu ilinipiga kama mlango uliopakwa rangi ya mafuta jana. Ngozi inang'aa utadhani kapakwa Vaseline. Jicho la kushoto linanitazama mimi, la kulia linatazama kitunguu. Nywele za mbele hazikukaa, zimeacha mwanya juu ya paji la uso, naweza kupitisha sindano ya mkono. Nikajipa moyo, nikajaribu kumbadilisha uso, maana Nendoroid raha yake ndiyo hiyo: unavua nywele za mbele, unatoa uso wa tabasamu, unaweka wa kununa. Shingo ikakatikia ndani ya kichwa. Tak.

Nilipomrudia yule mwenzangu akasema nimekivunja mwenyewe. Tukagombana mbele ya wateja. Baadaye akanifungia namba yake. Miaka imepita, na bado nikimwona kituoni nageuza shingo. Nimeshasamehe, lakini kugeuza shingo ni haki yangu.

Sasa somo, na mdogo wangu wa Mwanza sogea karibu. Angalia macho. Kabla ya bei, kabla ya boksi, angalia macho. Uso wa mdoli wa anime, yaani katuni za Kijapani, umebebwa na macho peke yake. Pua ni ncha tu, mdomo ni mstari. Kwa hiyo kazi yote iko kwenye jicho, na jicho la mdoli halisi linachapwa tabaka juu ya tabaka: weupe, rangi ya mboni inayokolea juu na kufifia chini, kitone cheupe cha mwanga, halafu mstari wa kope unaoanza mnene na kuishia mwembamba kama ncha ya uzi uliolambwa. Tabaka moja likihama hata upana wa unywele, mdoli anakuwa kengeza. Wa feki wanaiga umbo vizuri sana siku hizi, ila hapo kwenye kope ndipo wanapochoka. Mwambie muuzaji akupigie picha ya uso kwa karibu, yeye mwenyewe, kwenye meza yake, siyo ile picha safi ya tangazo. Akianza kukuzungusha, ushapata jibu.

Na usidanganyike na maandishi ya "Made in China" chini ya boksi. Watu wananiandikia kwa hofu, "Dada, kumbe imetoka China, ni feki!" Midoli mingi halisi ya kampuni za Japani inatengenezwa China. Hilo siyo ushahidi wa chochote. Macho, jamani. Macho.

Baada ya pale sikununua kitu mwaka mzima na zaidi. Naruka hapo, hakuna cha kusimulia, nilishona na kuweka akiba.

Kilichonifufua ni binamu yangu anayehangaika na magari ya mtumba kule Yokohama. Nilimbembeleza siku ya mapumziko apande treni hadi Tokyo, aende Nakano Broadway, jengo lenye maduka ya Mandarake yanayouza vitu vya wakusanyaji, vingi mitumba. Mwanaume wa miaka arobaini, fundi wa gia, amesimama mbele ya kioo kilichojaa wasichana wa plastiki, ananipigia simu ya video kwa kunong'ona, "Dada, yupi sasa? Watu wananiangalia." Nikamwambia hakuna anayekuangalia, wote waliomo humo wamekuja kwa shida kama yangu. Akazungusha simu nikaona. Ndipo nilipoelewa kitu ambacho picha haziwezi kukuonyesha.

Uso wa anime ni uongo wa karatasi. Mchoraji akimchora msichana kwa mbele anaweka mdomo katikati, akimchora kwa ubavu anauhamishia shavuni, na sisi tunakubali. Mchongaji wa mdoli hana ruhusa hiyo, ana kichwa kimoja tu. Kwa hiyo anachagua upande. Kila mdoli mzuri una upande wake, mara nyingi robo tatu, kichwa kimeinama kidogo, na ukiuzungusha hadi ubavu kamili unaweza kushtuka, uso umekuwa bapa kama sahani. Siyo kasoro. Uliza tu picha kutoka pande nne kabla ya kununua, na ukishauleta nyumbani utafute upande wake ndipo uuweke kabatini. Binamu alimzungusha Miku wa kipimo cha 1/7 taratibu, na kuna mahali alipofika nikapiga kelele, "Hapo! Simama hapo!" Mhudumu akaja mbio.

Hiyo 1/7 nayo msiipite hivihivi. Maana yake mdoli ni sehemu moja ya saba ya urefu wa mhusika. Miku ana sentimita 158, gawanya kwa saba unapata kama 22 na nusu. Mtu akikuuzia "1/7" ya Miku aliyesimama wima ana sentimita 18, chukua futi ya kushonea umpimie mbele yake. Mimi nishafanya, dukani kwa mtu, na sijutii.

Yule wa Nakano ndiye malkia wangu hadi leo. Ncha za nywele zake ni plastiki inayopitisha mwanga, kijani kinayeyuka na kuwa kama maji. Marinda ya sketi yamechongwa moja moja, na kwenye mikunjo wamepulizia kivuli cha rangi ili jicho lione kina. Nimeshona marinda miaka kumi na saba, na nawaambia, aliyechonga yale anajua kitambaa kinavyoanguka.

Hapo nikaanza kiburi. Binamu aliporudi likizo alikuja na Dollfie Dream, mdoli wa kampuni ya Volks ya Kyoto, mkubwa, sentimita sitini hivi, ngozi ya vinili laini na ndani ana fremu ya viungo, unamkalisha anakaa, unamvalisha nguo za kitambaa. Bei siitaji, mume wangu anasoma hapa. Kichwa chake kinafunguka kwa nyuma, wigi anavaa, na macho unayabandika kwa ndani. Mboni zake zimechimbwa kuingia ndani, kwa hiyo popote utakaposimama anakutazama. Wateja wawili waliacha kuja. Mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini, "Fundi, huyu ana kazi gani humu ndani?" Akimaanisha alichomaanisha. Nikamhamishia chumbani.

Kosa langu likaja na kanga. Nilipata kipande cha kanga nyekundu, mpya, nikamshonea gauni la mshazari lenye mgongo wazi, kazi safi, nikampiga picha, mkaipenda wengi humu. Nikamwacha nalo. Wiki mbili. Kumvua, mapaja yote mekundu, na mstari wa pindo umejichora kiunoni kama jeraha. Mimi fundi! Mimi ninayewaambia wateja waloweke kitenge kipya kabla ya kushona! Vinili inakunywa rangi, na ikishakunywa huitoi kwa sabuni. Nilikaa chini sakafuni nikalia kweli, mtoto wangu akaniletea maji.

Kilichonisaidia ni dawa ya chunusi ya kupaka, ile yenye benzoyl peroxide. Unapaka kwenye doa tu, siyo kwenye uso uliopakwa rangi, unaacha masaa, unafuta, unarudia. Ilinichukua siku kumi na mbili. Doa la kiunoni halijatoka lote, na dawa ikizidi inaacha weupe, kwa hiyo niliacha hapo. Siku hizi nguo yoyote ya rangi kali naifua kwanza hadi maji yatoke meupe, halafu mdoli anavaa soksi ya mwili nyeupe ndani, halafu gauni, na jioni anavuliwa. Jioni anavuliwa, nasisitiza.

Joto nalo. Dar yetu mnaijua, na duka langu ni bati. PVC, plastiki inayotengeneza midoli hii, ina mafuta ya kuilainisha ambayo kwa joto na kufungiwa yanatoka nje, mdoli ananata kama amelambwa pipi. Usitupe. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo kidogo, kausha kwa upepo, na usimfungie boksini miezi sita. Miku wangu wa 1/7 Februari moja alianza kuinama nyuma, mikia ile miwili ina uzito wake na plastiki ya kifundo cha mguu ililegea. Nilimchovya mguu kwenye maji ya moto, nikaunyoosha, nikauingiza kwenye maji ya barafu ukashika. Mbali na dirisha la jua, siku zote.

Mnaochekwa nyumbani, na mimi nachekwa. Dada yangu mkubwa kila Idi ananiuliza midoli yangu imejifungua wangapi. Lakini yule yule anabadilisha makochi kila baada ya miaka miwili na hakuna anayemuuliza. Nunua kwa hela yako, baada ya ada na kodi. Usikope. Usinunue kwa sababu vimebaki viwili. Vinabaki viwili kila siku, nakuapia. Na mtu akikucheka kwa kitu ambacho hajakilipia, mpe chai, mwache acheke, akimaliza ataondoka na kabati lako litabaki. Nimesema sana, najua, ila hili la kuchekwa linaniuma kuliko nilivyodhani nilipoanza kuandika.

Binti wa Mwanza nilimwambia aombe picha ya uso. Muuzaji kajibu kwamba boksi halifunguliwi mpaka lilipiwe. Basi.

Na yule Miku wangu wa 35,000 hamjaniuliza yuko wapi. Mwili nilitupa. Kichwa ninacho, kizito vizuri, nakiweka juu ya patani za karatasi feni ikiwaka zisipeperuke. Jicho moja linanitazama mimi, moja linatazama mlango.