Mdogo wako anarudi nyumbani na figo mpya: saa ya dawa kwanza, wageni baadaye

Dada, umeeleza kwamba mdogo wako ataruhusiwa wiki hii baada ya kupandikizwa figo, na kwamba mmekwisha kumtengea chumba, mmenunua barakoa na mmekubaliana kupiga marufuku wageni kwa miezi 6, kisha ukauliza kama kuna mlichosahau. Nami nilipandikizwa figo miaka 7 iliyopita. Naona mmejipanga vyema dhidi ya maradhi yatokayo nje, lakini hukugusia saa za dawa, na kwangu hapo ndipo palipokuwa na hatari kubwa.

Mwili hauzoei kabisa figo ya mtu mwingine. Unaitambua kuwa ni ngeni na utaendelea kuishambulia kila utakapopata nafasi, ndiyo maana dawa za kushusha kinga hunywewa muda wote figo hiyo inapofanya kazi. Mimi nilipewa takrolimusi, mikofenoleti na prednisoloni, na mbili za kwanza nilizinywa kila baada ya saa 12. Mwezi wa pili nilijisikia mzima kuliko nilivyokuwa kwa miaka mingi ya kusafishwa damu, nikaanza kulegea: dozi ya saa 2 usiku nikainywa saa 5, siku nyingine nikalala bila kuinywa. Sikuumwa popote, na mkojo ulitoka kama kawaida. Kilichonisaliti ni kipimo cha damu, kwa maana kreatinini, yaani taka ya damu ambayo figo huichuja, ilikuwa imepanda. Wakachukua kinyama kidogo cha figo kwa sindano, wakakuta imeanza kukataliwa, nikarudishwa wodini kwa siku 3 za dawa kali ya mshipani. Figo ilipona, ingawa tangu hapo kreatinini yangu haijashuka tena hadi pale ilipokuwa. Kwa hiyo msisubiri maumivu yawaambie kuwa kuna tatizo, wala msiruke hata kliniki moja kwa sababu mgonjwa anaonekana ana nguvu.

Siku ya kupimwa kiwango cha takrolimusi, dozi ya asubuhi hainywewi mpaka damu itolewe, kwa kuwa daktari anataka kuona kiasi kilichobaki kabla ya dozi inayofuata. Abebe vidonge vyake mfukoni na avinywe mara tu anapotoka maabara. Niliwahi kusahau nikavinywa nyumbani; bahati nzuri nilisema, la sivyo wangeona kiwango kikubwa na kunipunguzia dawa bila sababu.

Asinywe dawa nyingine yoyote kabla ya kuiuliza kliniki, hata ile ambayo familia nzima huitumia. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki huiumiza figo yenyewe. Erithromaisini (ya bakteria) na flukonazoli (ya fangasi) huipandisha takrolimusi katika damu, rifampisini (ya kifua kikuu) huishusha, na tunda la balungi nalo huipandisha. Dawa za mitishamba ningeziacha kabisa, maana hakuna ajuaye zitafanya nini zikikutana na dawa zake za kushusha kinga. Akiharisha au akitapika muda mfupi baada ya dozi, pigeni simu badala ya kukisia kama airudie.

Kidonda chenyewe hakikunisumbua sana. Figo mpya huwekwa chini ya tumbo upande mmoja, karibu na ngozi, na zile za zamani kwa kawaida huachwa mahali pake, kwa hiyo asishangae akiigusa na kuihisi. Niliambiwa nisinyanyue kitu kizito kwa wiki 6 hadi 8. Ulizeni pia kama amewekewa mrija mdogo wa plastiki katika njia ya mkojo, na utatolewa tarehe ngapi, maana kwa kawaida hutolewa baada ya wiki chache na ukisahaulika huleta maambukizi.

Jambo ambalo hakuna aliyeniandaa kwalo ni hasira. Prednisoloni iliniondolea usingizi, ikanipa njaa isiyoisha na uso wa mviringo, huku takrolimusi ikinitetemesha mikono hata kikombe kikamwagika. Nyumbani walidhani nimekuwa mkorofi. Dozi zilipopunguzwa, mengi ya hayo yalitulia.

Sasa wageni. Anayekohoa, mwenye mafua au mwenye homa asiingie, na kila anayeingia anawe mikono. Hilo linatosha nyumbani, na barakoa muiweke kwa ajili ya kliniki na mahali penye msongamano. Kumfungia mtu miezi 6 ni kumwongezea ugonjwa mwingine. Chumba mlichomtengea kinafaa kwa usingizi, na ndani yake wekeni kipimajoto, mizani, mashine ya presha na daftari la kuandika vipimo kila asubuhi. Mlangoni, badala ya tangazo la kukataza watu, ningebandika namba ya simu ya kliniki, kwa sababu joto likifika nyuzi 38 usiku wa manane hamtakiwi kungoja kukuche.