Leseni ya Dada Haibadilishwi Ujerumani, Lakini Usiiache Ife

Safu ya Usukani. Dereva mstaafu wa malori na mwalimu wa udereva, mkazi wa Mwanga, Kigoma, anajibu maswali yenu ya barabarani.

SWALI: Shikamoo mzee. Mdogo wangu wa kike ni muuguzi. Mwezi wa Februari alihamia Leipzig, Ujerumani, kwa ajira ya hospitali. Hapa Kigoma alikuwa anaendesha Noah ya nyumbani kwa leseni yake ya daraja D, karibu miaka mitano sasa. Anasema kule leseni yetu inafanya kazi miezi sita tu, baada ya hapo ni mtihani upya kama mtoto aliyemaliza shule jana. Na leseni yenyewe inaisha Septemba. Kuna jamaa hapa mjini anataka 250,000 aihuishe bila mwenyewe kuwepo. Tena anasema tukiongeza pesa atatupatia ya Afrika Kusini, ambayo Wajerumani wanaibadilisha bila mtihani wowote. Nimpe?
Kaka wa muuguzi, Gungu, Kigoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na huyo jamaa, maana vishoka ndio huwa na haraka kuliko wenye shida. Usimpe hata senti.

Kuhuisha leseni Tanzania ni shilingi 70,000 kwa miaka 5. Sasa jiulize hizo 180,000 za juu zinakwenda kwa nani na kwa kazi gani. Leseni yetu ya kadi inabeba picha na sahihi ya mwenyewe, na mwenyewe yuko Leipzig anapima watu presha. Ukitaka kujua kama kuna namna ya kumsaidia akiwa nje, nenda kaulize kaunta ya TRA mchana kweupe, na kuuliza hakulipiwi.

Kwenye Afrika Kusini, jamaa anajua nusu ya habari, na nusu hiyo ndiyo anayoiuza. Ni kweli Wajerumani wana orodha ya nchi za nje ya Umoja wa Ulaya ambazo leseni zake hubadilishwa bila mtihani, au kwa mtihani wa upande mmoja tu. Afrika Kusini imo, Namibia imo, Tanzania haimo. Nusu asiyokwambia ni hii: leseni iliyotolewa wakati mwenyewe tayari ana makazi Ujerumani haimpi haki ya kuendesha kule. Ofisa ataangalia leseni imetolewa lini, ataangalia dada amejiandikisha lini kuwa mkazi wa jiji, kisha ataomba pasipoti aone ni lini huyu binti aliishi Johannesburg. Hapo hatuongelei tena leseni, tunaongelea kughushi, na muuguzi mgeni mwenye kesi ya kughushi anaweza kupoteza na kibali cha kuishi. Kwa ajili ya nini?

Sasa leseni yenyewe. Dada yuko sahihi kuhusu miezi sita. Inahesabiwa tangu alipoweka makazi, kwa hiyo kama ni Februari, Agosti ndiyo mwisho wake. Kuna nyongeza inayofikisha miezi 12, lakini ni kwa anayethibitisha kuwa hatakaa zaidi ya hapo, na mwenye mkataba wa kazi hospitalini hawezi kusema hivyo. Kile kijitabu cha kimataifa cha udereva nacho hakirefushi chochote. Ni tafsiri tu ya leseni, peke yake hakina nguvu.

Miezi ikiisha akakamatwa kwenye usukani, asidhani ni kama kwetu, unaandikiwa 30,000 na trafiki unaendelea na safari. Kule kuendesha bila leseni inayotambuliwa ni kosa la jinai: faini ya mahakama au kifungo kinachoweza kufika mwaka mmoja. Akigonga mtu ndio balaa zaidi, maana bima itamgeuka.

Lakini hapo kwenye "kama mtoto aliyemaliza shule jana" hapana, nampinga. Anayeanza kabisa Ujerumani analazimika kukaa vipindi 14 vya darasani, kila kimoja dakika 90, halafu vipindi 12 maalumu vya barabarani: 5 nje ya mji, 4 kwenye barabara kuu ya kasi, 3 gizani. Ndiyo maana leseni kule inawagharimu vijana zaidi ya euro 2,000. Dada yako, kwa kuwa tayari ana leseni ya kwao, vipindi hivyo vyote havimlazimu. Atafanya mtihani wa nadharia na wa vitendo, basi. Atahitaji shule ya udereva impeleke kwenye mtihani wa vitendo kwa gari lao, na mwalimu atataka kumwona anaendesha mara kadhaa kwanza. Kusomeshwa upya toka mwanzo, hakuna.

Ila faida hiyo inategemea kadi yake ya Tanzania. Wanataka leseni halisi mkononi, siyo nakala, na pamoja na maombi anasaini kwamba bado ni hai. Umeiona Septemba inavyokaa? Apeleke maombi mwezi huu, asingoje Agosti. Kadi ikiisha kabla hajapeleka, nafuu yote hii ataanza kuibishania kaunta, kwa Kijerumani cha ugenini.

Aende ofisi ya leseni ya jiji lake na kadi, tafsiri yake kwa Kijerumani (chama cha wenye magari cha ADAC huzifanya, au mtafsiri aliyeapishwa), picha ya pasipoti na cheti cha kupimwa macho. Watamwomba pia cheti cha huduma ya kwanza. Hapo aseme kazi yake! Muuguzi ambaye taaluma yake imetambuliwa rasmi kule anaweza kuonyesha cheti hicho badala ya kukaa darasani siku nzima akifundishwa kufunga bandeji na mtu anayejua kidogo kuliko yeye.

Nadharia ni maswali 30 kwenye kompyuta. Kila swali lina pointi zake za kukosa, na mwisho wa kuvumiliwa ni pointi 10. Kuna mtego mmoja: akikosa maswali mawili ya pointi 5 ameanguka, hata kama jumla ni 10 kamili. Mtihani unatolewa kwa Kijerumani na lugha nyingine 12. Kiswahili hakimo, Kiingereza kimo. Achague lugha anayosoma haraka bila kurudia sentensi. Kwenye gari hakuna kuchagua, mtahini anatoa maelekezo kwa Kijerumani, na mtihani wa vitendo ni dakika 55. Akiufanya kwa gari la otomatiki, leseni itamfunga kwenye otomatiki, labda apate mafunzo ya ziada ya gia.

Akifaulu atakabidhi kadi ya Tanzania apewe ya kwao. Atoe nakala pande zote mbili kabla. Ile tarehe ya kwanza ya kupata leseni ina thamani, kwa sababu dereva mpya kule anakuwa chini ya uangalizi miaka 2, na muda aliokwisha kuwa na leseni halali akiuthibitisha unahesabiwa humo. Yeye ana karibu mitano.

Mitihani yenyewe sina wasiwasi nayo. Wasiwasi wangu ni upande wa kulia wa barabara, na hili naomba ulisome mara mbili umsomee kwenye simu.

Nimevusha mizigo Manyovu kwenda Nyanza-Lac na Rumonge kwa miaka mingi, na Burundi wanakaa kulia. Penye magari mengi hakuna shida, unamfuata aliye mbele. Shida iko alfajiri unapotoka kituo cha mafuta, barabara tupu, chai haijashuka, na mikono yenyewe inataka kukata kwenda kushoto. Utingo wangu alikuwa na kazi moja ya ziada: kila tunapoondoka tuliposimama, aseme "kulia" kwa sauti. Madereva wengine walimcheka. Basi wacheke. Dada hana utingo, ajiambie mwenyewe, hasa akitoka zamu ya usiku.

Kanuni niliyowapa wanafunzi wangu wote wanaokwenda nje ni hii: mwili wa dereva uwe karibu na katikati ya barabara. Hapa usukani uko kulia na tunakaa kushoto, kwa hiyo dereva yuko katikati. Kule usukani uko kushoto na wanakaa kulia, dereva bado yuko katikati. Akijiona amekaa upande wa mtaro, ameshakosea njia. Mkono wa gia utakuwa wa kulia, huo unazoeleka haraka. Kwenye kipilefti atazunguka kinyume na tulivyozoea, na gari la kumpisha linatokea kushoto kwake.

Kuna mambo mawili yanayoangusha watu wetu kwenye mtihani. La kwanza ni njia panda isiyo na kibao wala taa: anayetokea kulia kwako anapita kwanza, hata kama anatoka kichochoro na wewe uko kwenye barabara pana. Kwetu anapita kwanza mwenye lori. La pili ni baiskeli. Kabla ya kukata kulia lazima ageuze kichwa kabisa aangalie juu ya bega, saiti mira haitoshi, kwa sababu mwenye baiskeli anapita hapo hapo ubavuni akienda moja kwa moja. Mtahini anaangalia shingo yako kabla hajaangalia barabara.

Najua wapo wanaosema kutufanyisha mitihani upya ni kutudharau. Mimi niliyekaa kiti cha mwalimu siwezi kusema hivyo kwa sauti kubwa. Wangapi kati yetu wana daraja C, la mabasi ya abiria, na hawajawahi kurudisha gari nyuma kwenye kona?

SWALI: Mzee, mwanangu anasoma Uingereza. Kule wanaendesha kushoto kama sisi, na Zimbabwe nasikia wanabadilishiwa leseni. Ya kwake ya Tanzania si itabadilishwa tu?
Mama wa mwanafunzi, Kiloleni, Tabora

JIBU: Mama, habari za Tabora. Zimbabwe na Afrika Kusini zimo kwenye orodha ya Uingereza, sisi hatumo. Kijana anaweza kuendesha kwa leseni yake ya Tanzania miezi 12 tu. Ndani ya huo mwaka achukue leseni ya muda ya kule, afanye nadharia, kisha vitendo vya kama dakika 40. Nadharia ni maswali 50, apate 43, pamoja na sehemu ya video za kutambua hatari ambako anahitaji 44 kati ya 75. Mwaka ukipita hajafaulu, anarudi kuwa mwanafunzi: herufi L mbele na nyuma ya gari, na pembeni mtu wa miaka 21 au zaidi aliyeshika leseni angalau miaka 3. Akishafaulu nadharia ana miaka 2 ya kumaliza vitendo, lakini asisubiri, foleni ya kupata siku ya mtihani wa vitendo ni ndefu.