Nyumba ya mke wa Shakespeare, mbao zimepinda mbona haianguki?

SWALI: Mhariri za kazi. Nimeona picha ya nyumba ya Anne Hathaway (sio yule mwigizaji, yule mke wa Shakespeare) kule Shottery karibu na Stratford-upon-Avon. Paa la nyasi, mbao zimepindapinda, ukuta kama umelewa. Ivi ni ya zamani kweli au wamewajengea watalii? Na mvua za Uingereza zile, haivuji?

JIBU: Ni ya zamani kweli ndugu yangu, sehemu yake ya kwanza ni ya miaka ya 1460, ila sio yote ya umri mmoja. Mwanzo haikuwa na ghorofa wala dohani, moto unakokwa katikati ya ukumbi moshi unajitafutia njia paani, hayo mengine yaliongezwa baadae. Alafu mwaka 1969 iliungua vibaya ikabidi ikarabatiwe.

Sasa kupinda. Kuna mbao zimepinda kwa makusudi: fundi alikuwa anautafuta mti wa mwaloni (oak, mti wa mbao ngumu) uliojipinda wenyewe porini, anaupasua katikati kwa urefu anapata vipande viwili pacha, anavisimamisha vikutane kule juu kileleni, na uzito wa paa unashukia hapo, kwahiyo ukuta haubebi kitu cha maana. Zingine zimepinda kwa sababu mwaloni ulitumika ukiwa mbichi maana ndo rahisi kuchonga, ukaja kukauka ukiwa tayari ni nyumba, ukasinyaa na kujinyonga, lakini viungo vimeshikwa na vigingi vya mti kwahiyo havikuachia. Ulevi unaouona ni huo tu.

Kati ya mbao ni fito zimesukwa, zikakandikwa udongo wenye nyasi na samadi, juu chokaa. Chokaa inapitisha unyevu. Kuna watu karne ya 20 walizipiga plasta ya simenti nyumba za namna hii wakidhani wanaziokoa, maji yakanaswa ndani mbao zikaoza, inauma sana.

Kuvuja hapana. Paa lina mwinuko mkali, nyuzi 45 na zaidi, na unene kama sentimita 30 hivi, maji yanalowesha juu juu tu yanateleza bua kwa bua mpaka ukingoni, ndo maana ukingo umetokeza nje sana na hamna mfereji. Panapochoka mapema ni kileleni, pale panarudiwa kila miaka 10 mpaka 15.

Na ule weusi wa mbao unaouona kwenye nyumba nyingi za hivi, mara nyingi ni fasheni ya karne ya 19. Mwaloni ukiuacha unakuwa wa kijivu.