Mwache mdogo wako agombee: niliyoyaona nikiwa mwenyekiti wa kitongoji, Kilwa

Kaka mleta mada, nimesoma swali lako mara mbili. Mdogo wako yuko kijijini, wazee wamemfuata wakimtaka ajiandae kugombea uenyekiti wa kitongoji 2029, na wewe uko Dar unamwambia aachane nao: kazi haina mshahara, ni lawama tupu, na wenye maamuzi ni diwani na mbunge. Nakuelewa, unamhurumia. Lakini mimi kiti hicho nimekikalia miaka mitano, kuanzia uchaguzi wa tarehe 14 Desemba 2014, kwetu Kilwa upande wa bara, njia ya Nangurukuru kwenda Liwale. Kijiji sitakitaja, wengine waliohusika tunazikana hadi leo.

Siasa sikuwa nayo kabisa. Nilikuwa mama wa ufuta na mikorosho yangu michache. Kilichoniingiza ni karatasi moja. Mwaka 2013 tuliitwa mkutanoni kuzungumzia nyumba ya mganga wa zahanati. Ikapitishwa karatasi ya mahudhurio, ukurasa uliochanwa kwenye daftari, kila mtu akaandika jina na kutia saini, asiyejua kuandika akaweka dole gumba. Haikuwa na tarehe wala ajenda juu yake, mistari mitupu tu. Hatukuona ubaya wowote.

Miezi michache baadaye ng'ombe wakaingia bondeni tunakolima. Tulipokwenda kuuliza tukaonyeshwa muhtasari unaosema mkutano mkuu wa kijiji umeridhia wageni wapewe eneo lile. Nyuma ya muhtasari imebanwa karatasi ya mahudhurio. Nikaliona jina langu, mwandiko wangu mwenyewe, na wino uliochafuka pale mtoto aliponivuta mkono kutoka mgongoni. Ilikuwa ile ile karatasi ya nyumba ya mganga. Wallahi nilikaa chini palepale kwenye sakafu ya ofisi.

Nisieleweke vibaya kuhusu wale wafugaji. Huku Lindi tumewapokea tangu mifugo ilipoondolewa bonde la Ihefu, Mbarali, mkoani Mbeya, 2006 na 2007, ikaelekezwa kusini. Waliokuja kwetu walikuwa wametoa fedha zao wakiamini wamepewa ardhi kihalali, na wao wamedhulumiwa kama sisi. Nimekula nao, watoto wetu wamesoma darasa moja.

Sasa rudi kwenye hoja yako kwamba wenye maamuzi ni diwani na mbunge. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999, ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, nayo haiwezi kumgawia mtu mpaka mkutano mkuu wa kijiji uridhie. Mkutano mkuu ni wewe, mama yako, shangazi zako, kila mkazi aliyefika miaka 18. Diwani wala mbunge hana mkono wa kugawa pale. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25, na mwenyekiti wa kila kitongoji ni mjumbe humo. Mdogo wako akishinda, atakuwa ndani ya chumba ambacho mashamba ya ukoo wenu yanajadiliwa. Asipokuwepo yeye, atakuwepo mwingine.

Na si ardhi peke yake. Kwetu Kilwa kuna vijiji vyenye msitu wa hifadhi wa kijiji chini ya Sheria ya Misitu ya 2002, vinavuna mpingo na mbao nyingine na fedha inabaki kijijini. Kikole na Kisangi walipata cheti cha FSC, cheti cha kimataifa cha msitu unaotunzwa vizuri, tangu 2009, wa mwanzo Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji wenyewe. Hizo ni fedha zinazojenga darasa na kuchimba kisima, na wanaopanga zitumikeje ni hao hao wanaochaguliwa Novemba, watu wengi wakiwa shambani.

Nilipoingia, nilifanya jambo moja tu ambalo hata leo najivunia. Nilikataa karatasi tupu ya mahudhurio. Kwenye kitongoji changu kila karatasi ilianza na tarehe, mahali na ajenda kwa maandishi makubwa, na majina yakiisha nilipiga mstari chini ya jina la mwisho ili asiongezwe mtu wala kitu. Kabla watu hawajatawanyika, katibu anausoma muhtasari kwa sauti. Mwanzoni walinung'unika, jua linazama na mahindi yanangojewa na nguruwe. Mwaka wa pili wazee wenyewe wakawa wanadai: "Mwanangu, hujatusomea." Halmashauri ya kijiji nayo ikafuata, kwa shida, baada ya mimi na mwenzangu wa kitongoji cha pili kukataa kusaini mara mbili mfululizo. Tuliitwa wakorofi. Mume wangu aliambiwa anifunge kamba. Alhamdulillah, alisimama na mimi.

Lile bonde hatukulipata lote. Nusu ilirudi, nusu tukakubaliana iwe njia ya mifugo kwenda mtoni, na makubaliano hayo yalipita mkutano mkuu, safari hii mkutano wa kweli, chini ya mwembe wa shule, watu wamenyoosha mikono nikawahesabu mwenyewe.

Kuhusu mshahara uko sahihi. Hakuna. Posho inategemea mapato ya ndani na kuna miaka hatukuiona. Utaamshwa usiku watu wamekatana mapanga kwa ajili ya mpaka, utaandika barua za utambulisho mpaka kidole kiote sugu, na msiba ukitokea wewe ndiye wa kwanza kutafutwa. Mdogo wako awe na shamba au biashara inayosimama yenyewe, la sivyo mwaka wa pili ataanza kuuza saini. Nimewaona vijana wazuri wakiharibikia hapo.

Uchaguzi wenyewe sasa. Mwaka 2014 nilishinda kwa kura 9. Tulihesabu darasani giza limeshaingia, kwa tochi za simu, mmoja anasoma karatasi na mwingine anachora vijiti ubaoni kwa chaki, kila vijiti vinne akavifunga kwa cha tano. Wakala wangu alikuwa binamu yangu, na nilimwambia asitoke hata kwenda haja mpaka fomu ya matokeo isainiwe. Hakutoka. Naamini zile kura 9 nilizilinda kwa kibofu cha yule binti.

Mwaka 2019 sikufika kwenye sanduku. Fomu yangu ilirudi na maandishi kwamba sina sifa: jina la babu nililiandika kwa herufi moja na nukta, wakati kwenye orodha limeandikwa kamili. Nilikata rufaa. Baadaye Waziri wa TAMISEMI, yaani wa tawala za mikoa na serikali za mitaa, alitangaza walioenguliwa warudishwe, lakini chama changu kilikuwa kimeshajitoa, na Novemba 24 nilishinda nyumbani nikipepeta ufuta wa mbegu. Iliniuma sana na bado inaniuma. Ukitaka kugombea lazima udhaminiwe na chama, mgombea binafsi sheria yetu haimtambui, kwa hiyo chama kikijitoa nawe umekwisha, hata kama kitongoji kizima kinakutaka. Mimi naona kwa ngazi ya kitongoji hili ni kosa kubwa. Mtu ambaye kila siku anateka maji na majirani zake hahitaji bendera ili wamjue.

Basi mdogo wako ajifunze kwangu: kila jina liandikwe kwa kirefu, herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye orodha. Kwenye kazi asiandike "mkulima" akaacha hapo, aeleze analima nini na wapi, maana sifa mojawapo ni kuwa na kipato halali na wapo walioenguliwa kwa neno hilo moja. Awe ametimiza miaka 21 na awe mkazi wa kitongoji hicho hicho. Fomu aijaze mbele ya mtu mwenye jicho kali, aipige picha kabla ya kuirudisha, na akiirudisha adai uthibitisho wa kupokelewa.

Jambo linalowaangusha watu wetu kuliko yote ni orodha. Uchaguzi wa vitongoji na vijiji una orodha yake ya wapiga kura, haitumii Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, lile la uchaguzi mkuu linalotoa kadi. Mwaka 2024 uandikishaji ulikuwa Oktoba 11 hadi 20, siku kumi tu, nasi ndio tuko kwenye korosho. Familia nzima zimehamia kwenye mabanda ya shamba, wengine mwendo wa saa tatu kwa miguu, na kila mmoja ana kadi yake ya mpiga kura mfukoni akijua mambo yake yamekaa sawa. Novemba 27 bibi mmoja jirani yangu alivaa kanga mpya, akafika kituoni saa mbili asubuhi na kadi yake ameifunga kwenye pindo. Jina hakuna. Alisimama pembeni ya foleni akiwaangalia wenzake wanaingia na kutoka, mpaka nikamshika mkono nikamrudisha nyumbani. Hakusema neno njia nzima. Mimi nilikuwa na baiskeli na siku kumi, na sikufika kwenye shamba lake. Hilo nitalijibu mbele ya Mungu.

Kwa hiyo 2029 ikifika, kabla ya kufikiria fulana na spika, mdogo wako apite mabanda ya mbali kwanza, siku ile ile uandikishaji unapofunguliwa. Orodha ikibandikwa aende na kalamu aikague nyumba kwa nyumba, apeleke marekebisho mapema. Kampeni ni siku saba tu, mwaka 2024 zilikuwa Novemba 20 hadi 26, na kwa kitongoji hazihitaji jukwaa. Akae barazani kwa watu, asikilize. Na mpaka wakati huo asikose mkutano hata mmoja, aulize mapato na matumizi kwa adabu, akijibiwa ovyo aulize tena mkutano unaofuata.

Nina mfano wa ile karatasi ya mahudhurio tuliyokuwa tukiitumia, wenye sehemu ya ajenda na mstari wa kufungia majina. Niandikie pembeni nikutumie picha, umpelekee aanze kuiombea nafasi hata kabla hajagombea.